Majaribio ya ndege ya mfano: Daftari la kweli lashinda mota ya pili

Mtu aonapo ndege ndogo ya mfano ikizunguka angani, na kijana chini ameshika rimoti, husema upesi kuwa ule ni mchezo wa watoto. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa wasemao hivyo, mpaka mtoto wa kaka yangu alipoanza kuunda ndege ya namna hiyo katika ua wa nyumba yetu hapa Kagugu. Niliyoyaona tangu siku ile yamenifundisha kuwa ni mchezo, naam, lakini ni mchezo unaodai adabu ileile idaiwayo na kazi ya askari, ya muuguzi na ya dereva: kusema kweli juu ya chombo ulicho nacho kabla hujakitumia.

Kagugu ni mtaa wa kilimani katika kata ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa jiji la Kigali. Kaka yangu ni askari, na wakati huo alikuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako Rwanda imekuwa na askari wa kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2014. Mwanawe, mwenye umri wa miaka 16, alimwahidi kwa simu kuwa akija likizo mwezi wa Julai ataikuta ndege i tayari kuruka. Ahadi hiyo ndiyo iliyozaa mambo yote nitakayoyasimulia.

Mimi si fundi. Nilisomea ualimu, nikafundisha sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa muda wa miaka saba, kisha nikahamia kazi ya ofisini serikalini. Kijana alipoomba nimsaidie, nilimwambia kuwa kushika bisibisi sijui, lakini kutunza daftari najua. Basi tukagawana kazi: yeye mikono, mimi kumbukumbu.

KWA NINI MOTA MBILI?

Ndege yake aliikata kutoka katika povu gumu la plastiki, la aina ya lile linalofungwa ndani ya maboksi ya televisheni, akaiimarisha kwa vijiti vyepesi na gundi. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ilikuwa na urefu wa sentimita 140, na ilipokuwa na betri yake ilikuwa na uzito wa gramu 1,600. Kila bawa lilibeba mota moja ya umeme yenye rafadha yake, yaani lile panga linalozunguka na kuivuta ndege mbele.

Nilimwuliza kwa nini asianze na mota moja iliyo rahisi. Alijibu kuwa ndege zipelekazo damu hospitalini zina mota mbili, naye ataka ya namna hiyo. Sikuweza kumlaumu. Katika Rwanda hii vijana wamekua wakizisikia ndege za Zipline. Kituo chao cha kwanza kilizinduliwa Muhanga mwezi wa Oktoba 2016, na cha pili kikafunguliwa Kayonza mwaka 2018. Ile ndege iliyoanza kazi hapa nchini haina rubani ndani yake, huendeshwa kwa mota mbili za umeme, na huruka kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa. Hurushwa kwa mtambo uitupao kama manati, huangusha mzigo wake kwa mwavuli wa karatasi, na irudipo hunaswa kwa waya ulioning'inizwa juu.

Kwa hiyo kijana aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba mota mbili ni usalama mara mbili: moja ikifa, nyingine itakuleta nyumbani. Kumbe jambo si jepesi hivyo. Mota ya kulia ikizimika ghafla, ya kushoto huendelea kuvuta peke yake, na ndege hugeuka upande wa kulia kama mkokoteni uliopoteza gurudumu. Ikiwa iko chini na mwendo wake ni mdogo, rubani akaongeza nguvu kwa hofu, huiongezea ile mota nzima uwezo wa kuipindua ndege kabisa. Dawa yake ni kinyume cha mapenzi ya mkono: kupunguza nguvu, kuinamisha pua kidogo ili mwendo usipotee, na kutua mbele pale palipo wazi. Mota ya pili, basi, humfaa tu yule aliyejiandaa kwa kifo cha ya kwanza. Asiyejiandaa ameongeza tu idadi ya vitu vinavyoweza kuharibika.

HEWA YA MILIMANI NA SHERIA YA ANGA

Jambo la kwanza tuliloliandika daftarini halikuhusu ndege, bali mahali. Kigali iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,500. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi. Uzito wake ni kama asilimia 86 tu ya hewa ya pwani, kule Mombasa au Dar es Salaam. Bawa hushikiliwa na hewa, na rafadha hukamata hewa. Hewa ikipungua, vyote viwili hupoteza nguvu. Ndege ileile ambayo pwani ingeinuka taratibu, hapa hudai mwendo ulioongezeka kwa asilimia saba au nane kabla ya kuacha ardhi. Kijana aliyesoma maelekezo yaliyoandikwa na watu wa nchi za tambarare asipolijua hilo, ataivuta ndege juu mapema, nayo itaanguka.

Jambo la pili ni sheria. Kijana alitamani kuirusha hapo hapo kilimani, rafiki zake wakimtazama. Nilimwonyesha kuwa kutoka Kagugu hadi uwanja wa ndege wa Kanombe, kwa mstari ulionyooka, hapafiki kilomita kumi. Nilimwonyesha pia mabati ya nyumba za majirani na watoto watokao shuleni kwa mamia. Rwanda ilitoa kanuni mahususi za ndege zisizo na rubani mwaka 2016, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hatukutaka kujificha nyuma ya neno "mchezo". Tuliandika barua tukieleza uzito wa ndege, mahali na saa, tukasubiri mpaka tulipojibiwa, kisha tukawaarifu viongozi wa kijiji kile tulichokusudia kukiendea nje ya jiji, penye uwanja wa mpira wa udongo mgumu uliozungukwa na malisho. Subira hiyo ilitugharimu majuma kadhaa, lakini hakuna hata siku moja niliyoijutia.

BETRI NI MOTO ULIOLALA

Hapa nataka kusema na akina mama na akina baba wa nyumbani. Kanali H. J. Taplin wa Uingereza aliporusha ndege ya mfano ya umeme iliyoongozwa kwa redio, tarehe 30 Juni 1957, safari inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika kumbukumbu, alitumia betri za fedha na zinki. Siku hizi zinatumika betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na zenye nguvu, lakini hazisamehe uzembe. Kila seli yake ikijaa hufika volti 4.2. Ukiizidisha, ukiitoboa au ukiiacha ishuke chini ya volti 3, yaweza kuvimba, na hata kuwaka moto mkali usiozimwa kwa urahisi.

Wifi yangu alimkuta kijana akichaji betri juu ya kitanda, karibu na chandarua. Hakugombeza sana; aliichukua chaja akaiweka nje kwenye baraza ya saruji, akaleta chungu kipana cha udongo na ndoo ya mchanga mkavu, akasema, "Kuanzia leo betri yako italala humu, na wakati wa kuchaji utakaa macho uiangalie." Sheria hiyo ingali nyumbani kwetu. Ni sheria njema kwa kila nyumba yenye betri za namna hiyo, ziwe za ndege, za baiskeli au za taa. Isiyotumika siku kadhaa isiachwe imejaa wala imekwisha. Ibakizwe kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli. Iliyovimba isichajiwe tena.

MAJARIBIO UANI

Ndege hujaribiwa kwanza chini. Tulipanga daftari kwa safu, na kila safu ilikuwa na swali lake.

Kwanza, mizani. Ndege iliinuliwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kwenye sehemu iliyo kama robo ya upana wa bawa kutoka mbele. Ikilala mkia chini, haifai kuruka hata kidogo. Betri isogezwe mbele mpaka isimame sawa au iiname pua kidogo. Pili, vibao vya usukani. Rimoti ikisukumwa kulia, kibao cha bawa la kulia hakina budi kupanda na cha kushoto kushuka. Nasikia kicheko cha msomaji, lakini vibao vilivyofungwa kinyume vimezivunja ndege nyingi sekunde chache tu baada ya kupaa. Hata kule kwenye vituo vya ndege za damu, wahudumu huvipima vibao hivi kwa kamera ya simu kabla ya ndege kuondoka. Hawaamini macho yao peke yake.

Tatu, redio. Mmoja hushika rimoti iliyopunguzwa nguvu makusudi na kwenda mbali kwa hatua, mwingine hubaki na ndege, ili waone kama inaendelea kutii. Nne, nguvu ya mota. Hapa tuliazima mizani ya kuning'iniza ya wauzaji wa sokoni. Mkia ulifungwa kwenye mizani, mizani ikafungwa kwenye nguzo, na kila mota ikawashwa kwa zamu hadi mwisho, watu wote wakiwa nyuma ya rafadha. Niliagiza ziandikwe namba mbili: nguvu ya mota inapoanza, na nguvu yake baada ya dakika moja. Siku hiyo nilikuwa kazini. Kijana alipima na kuandika mwenyewe.

JUMAMOSI YA MWISHO YA LIKIZO

Kaka alikuja Julai kama alivyoahidi. Kwa sababu ya shughuli za ukoo, siku pekee iliyobaki kwa kurusha ndege ilikuwa Jumamosi moja kabla hajarejea kikosini. Tuliondoka Kagugu alfajiri, kwani asubuhi upepo hutulia na kufika adhuhuri huchafuka. Tulipofika uwanjani kijana aliunganisha mabawa kwa mikono yenye haraka. Nilifungua daftari nisome orodha kwa sauti, kama tulivyoazimia.

Nilipofika kwenye safu ya nne nilisita. Mota ya kushoto: gramu 860 mwanzoni, gramu 860 baada ya dakika. Mota ya kulia: gramu 860 mwanzoni, gramu 860 baada ya dakika. Ndugu msomaji, nimesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka saba. Betri ikitumika dakika nzima kwa nguvu zote hupungua, na namba ya pili haina budi kuwa ndogo kuliko ya kwanza, hata kama ni kwa gramu chache. Namba nne zinazofanana hivyo hazikutoka kwenye mizani. Zilitoka kwenye kalamu.

Nilimtazama kijana. Hakuyainua macho yake.

"Mwanangu, ulipima kwa dakika nzima?" nilimwuliza.

Alikaa kimya, kisha akasema polepole, "Shangazi, ya kulia ilikuwa inakatakata. Mara mbili. Nikaizima, nikaiwasha tena, ikapona. Nilihofia mkijua tutaahirisha, na Baba anaondoka keshokutwa."

Kaka yangu alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Nilidhani atamkaripia. Badala yake aliuliza jambo moja tu: "Mizani tumekuja nayo?" Tulikuwa nayo. Tukaifunga ndege kwenye mlingoti wa goli, mota ya kulia ikawashwa. Ilianza kwa gramu 850. Kabla dakika haijatimia ilishuka hadi 600, ikakohoa, ikanyamaza. Kijana aligusa kiungo cha waya kati ya betri na kidhibiti cha mota ile, akauondoa mkono upesi kwa joto. Lehemu haikushika vizuri. Waya ulikuwa umegusishwa tu, haukuunganishwa. Nguvu kubwa ilipopita, kiungo kilipata joto, na joto lilizidi kukilegeza.

Kama ingeruka, mota hiyo ingezimika ndani ya dakika ya kwanza, ndege ikiwa ingali chini na pua juu, katika hewa nyepesi, mbele ya vitoto vya kijijini vilivyokwisha kusanyika pembeni mwa uwanja kutazama.

Kaka alimwambia mwanawe maneno ambayo nayakumbuka hadi leo: "Kule tuliko, gari lenye breki mbovu halinitishi, maana najua ni bovu na sitalipanda. Linitishalo ni lile lililoandikwa zima. Leo umeniandikia zima." Kisha akamsaidia kufungua mabawa. Hatukurusha kitu siku hiyo. Tulikula viazi na chai kandokando ya uwanja, tukarudi Kagugu kabla ya saa nne. Siku ya pili yake kaka aliaga.

Sitaki kuficha kuwa kijana alilia, na mama yake alininunia siku mbili. Alisema ningeweza kuyamezea macho mambo ya gramu kwa ajili ya furaha ya siku moja. Nilimwelewa, kwani mke wa askari huhesabu siku za likizo kama wengine wahesabuvyo fedha. Lakini sikuona jibu jingine.

NDEGE YARUKA

Mwezi wa Agosti, baada ya viungo vyote kuunganishwa upya na kila namba kupimwa mbele ya watu wawili, tulikwenda tena uwanjani kwa idhini mpya. Safari hii daftari lilisomeka: kushoto 860 na 830, kulia 855 na 825. Namba zisizolingana, nazo zilinipa amani.

Ndege ilikimbia juu ya udongo kwa hatua nyingi kuliko tulivyozoea kuona katika picha, kijana akiizuia isipande mapema, kisha ikaacha ardhi bila kishindo. Ilivuta kidogo upande wa kushoto. Akairekebisha kwa vidude vya rimoti mpaka ikanyooka. Alipanda juu vya kutosha kabla ya kujaribu lolote, akapunguza mwendo taratibu aone ni wapi itaanza kulegea, akaikumbuka kadiri hiyo kwa ajili ya kutua. Saa iliwekwa dakika tano, maana betri ile kwa nguvu zote ingekwisha katika dakika sita hivi, na si busara kutua na betri tupu. Ilipolia, ndege ilikuwa tayari inashuka.

Katika safari ya tatu, ikiwa juu sana, alizima mota ya kushoto makusudi kwa swichi aliyoiandaa. Ndege ikageuza pua kushoto mara moja, bawa likainama. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Kisha akapunguza nguvu ya mota iliyobaki, akainamisha pua, ndege ikajinyoosha, akaileta chini polepole ikielea mpaka ikagusa udongo. Hapo ndipo mota ya pili ilipokuwa usalama kweli, kwa sababu ya kwanza ilizimwa na mtu aliyejua atakalofanya.

Tulimpelekea kaka picha ya ndege ikiwa angani, pamoja na picha ya ukurasa wa daftari wenye namba nne zisizofanana. Jibu lake lilikuja usiku: picha ya ndege ameipenda, lakini ile ya daftari ndiyo aliyowaonyesha wenzake.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wenzangu, kijana akikuletea kazi ya mikono, iwe ndege, redio au jiko la umeme, usiishie kumsifu kwa umbo lake. Mwulize umepima nini, na uliona nini kisichokupendeza. Akikueleza kasoro, usimfokee, kwani ukimfokea leo, kesho atakuandikia namba zinazofanana. Nasi tulikuwa na kosa letu: tuliifanya ile Jumamosi kuwa kubwa mno kwake, hata kusema kweli kukamwia kuzito kuliko kuhatarisha ndege. Tulipaswa kumwambia mapema kuwa baba yake atafurahi hata kama ndege haitaruka.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Ndege ile ingali ikining'inia sebuleni kwetu Kagugu, na chini yake, juu ya kabati, limelala daftari. Kila mgeni huitazama ndege kwanza. Mwenyeji wake, siku hizi, huanza kwa kuwafungulia ule ukurasa wa Julai, wenye namba nne zilizofanana, alizozikata kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu na kutia sahihi yake kando.